Piga, Lipua, Washa: Dhana za Msingi za Vilipuzi, Visukumizi na Fataki katika Kiswahili

Utangulizi

Katika machimbo ya mawe ya Katani, Mlolongo na Lukenya, Kaunti ya Machakos, king'ora cha tahadhari kinapolia kabla ya ulipuaji, mashine hunyamaza, wafanyakazi hujitenga na ukuta wa mwamba, na akina mama wanaouza chai pembezoni hufunika masufuria yao kuzuia vumbi. Kisha ardhi hutikisika na mshindo hufuata. Mtu akiulizwa ni nini kilichotenda kazi hiyo, atajibu kwa neno moja: baruti. Mtu huyohuyo akiulizwa ni nini kilichomo ndani ya risasi ya askari, atasema baruti. Na akiulizwa ni nini kinachopasuka na kutoa cheche angani usiku wa Diwali au wa mwaka mpya, hatabadilisha jibu lake.

Majibu hayo matatu si ya mtu mjinga. Ndivyo lugha ilivyotukabidhi jambo hili. Hata hivyo, wataalamu wa kemia na wanajeshi wa nchi zote huzitenga dhana hizo tatu kwa makini sana: kuna vilipuzi, ambavyo kazi yake ni kuvunja, kuna visukumizi, ambavyo kazi yake ni kusukuma, na kuna fataki kwa maana pana, ambazo kazi yake ni kutoa mwanga, rangi, moshi, joto au sauti. Makala haya yanakusudia kuzieleza dhana hizo kwa Kiswahili, na papo hapo kuonyesha kwamba lugha yenyewe haikuzichanganya kabisa. Nomino zetu zimefifisha mipaka, lakini vitenzi vyetu vimeihifadhi. Mswahili hupiga bunduki, hulipua mwamba, na huwasha fashifashi. Hasikiki akisema amelipua bunduki, ila pale bunduki inapomharibikia mkononi.

Ni vyema kutaja mapema kwamba makala hayafundishi utengenezaji wa kitu chochote. Nchini Kenya jambo hilo limo mikononi mwa wenye leseni, chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kinachotafutwa hapa ni maana, na maana ina gharama yake inapokosekana, kama itakavyoonekana.

Moto unaobeba pumzi yake

Ili kuni ziwake, huhitaji hewa. Mpishi anayepuliza jiko la makaa anajua hivyo bila kufundishwa na mwalimu wa kemia: anaupelekea moto oksijeni. Moto wa kawaida ni mwombaji. Hupata kile ambacho upepo umekubali kumpa, na kwa hiyo huenda polepole.

Kilipuzi, kisukumizi na fataki zote zina sifa moja inayozitenga na kuni. Zimebeba oksijeni yake zenyewe. Ama imechanganywa ndani yake kwa umbo la chumvi fulani yenye oksijeni nyingi, ama imefungwa ndani ya molekuli ileile iliyo na kitu cha kuungua. Ndiyo maana risasi hufyatuka hata ndani ya chumba cha bunduki kisicho na nafasi ya hewa, na baruti hutenda kazi ndani ya tundu la mwamba lililozibwa barabara.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Watu hudhani kwamba kilipuzi kina nguvu nyingi kuliko vitu vingine. Sivyo. Gramu moja ya kuni kavu ikiungua yote hutoa nishati zaidi ya mara tatu ya ile inayotolewa na gramu moja ya TNT, na gramu moja ya mafuta ya taa hutoa takriban mara kumi. Tofauti imo katika muda. Kuni hutoa nishati yake kwa dakika nyingi, huku chungu cha isio kikitokota polepole. TNT hutoa yake yote kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Gesi moto inayozaliwa haina wakati wa kutafuta njia ya kutokea, basi huvunja chochote kilicho mbele yake.

Wataalamu huigawa kasi hiyo katika mafungu mawili. La kwanza ni kuungua kwa haraka, ambapo moto hupita kutoka punje hadi punje kwa kupashana joto. Kasi yake inaweza kuwa ya kutisha, lakini haiipiti kasi ya sauti ndani ya kitu chenyewe. La pili ni kulipuka hasa, ambapo kinachopita si joto bali wimbi la mgandamizo. Wimbi hilo huibana dutu iliyo mbele yake kwa ghafla kiasi cha kuivunja molekuli papo hapo. Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Wimbi la mlipuko ndani ya TNT husafiri takriban mita 6,900 kwa sekunde. Lau uzi wa TNT ungetandazwa kutoka mjini Machakos hadi Nairobi, umbali wa kilomita 60 hivi, mlipuko ungefika huko kwa muda usiotimia sekunde 10. Matatu hutumia saa nzima na ushei, barabara ikiwa na huruma.

Tofauti hii ya kuungua na kulipuka ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Pia husaidia kutenga matukio ambayo vyombo vya habari huyaweka katika kapu moja la "mlipuko". Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, gesi ya kupikia ilivuja, ikatanda, kisha ikashika moto na kuua watu na kuteketeza nyumba. Palikuwa na mlipuko, lakini hapakuwa na kilipuzi. Gesi ile iliazima oksijeni ya hewa ya mtaa mzima. Kiswahili hapa kina uzito wake, kwani kitenzi "lipuka" tangu zamani kimekuwa na maana ya kuwaka kwa ghafla na pia ya kupasuka, na leo kinabeba hata mlipuko wa kipindupindu.

Safari ya neno baruti

Neno baruti lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, bārūd, na lina ndugu katika Kituruki na Kiajemi. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba mwanzoni neno hilo halikumaanisha baruti. Lilikuwa jina la chumvi ambayo Waswahili waliiita shura. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea na dawa aliyefariki mwaka 1248, aliandika juu ya chumvi hiyo na kutaja kwamba watu wa Misri waliiita theluji ya China. Baadaye shura ilipochanganywa na makaa na kibiriti, jina la kiungo kimoja likawa jina la mchanganyiko mzima.

Kibiriti nalo lina kisa chake. Kwa Kiarabu kibrīt ni salfa, lile jiwe la manjano linalonuka, na maana hiyo ingali hai katika Kiswahili cha maandishi. Lakini kwa msemaji wa kawaida kibiriti ni kile kisanduku kidogo kinachouzwa dukani. Kwa hiyo viungo viwili kati ya vitatu vya baruti ya kale, makaa na kibiriti, vinaitwa kwa majina ya vitu vya jikoni. Risasi vilevile: kwa Kiarabu ni madini ya plumbi, na fundi wa kulehemu bado huyaita hivyo.

Istilahi za silaha zina tabia ya kukopa majina ya mimea na vyombo vya nyumbani. Bunduki ilianza kama bunduq, aina ya njugu yenye ganda gumu. Jina likahamia kwenye vigololi vilivyorushwa kwa upinde, kisha kwenye chombo chenyewe. Guruneti inatokana na tunda la komamanga, kwa kuwa ndani yake mna punje nyingi. Waswahili nao hawakukopa tu. Walipoona bomba kubwa la chuma lililolazwa juu ya magurudumu, na pengine waliliona mara ya kwanza katika merikebu za Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498, wakaliita mzinga, kwa sababu lilifanana na gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Msomaji aliyekulia Ukambani, ambako mizinga ya nyuki hutundikwa kwenye migunga tangu enzi za mababu, hana haja ya kuchorewa picha. (Vijana wa Kenya wa leo wamelisogeza neno hilo hatua nyingine: mzinga kwao ni chupa kubwa ya pombe kali. Nayo huwapiga.)

Kupiga: kazi ya kisukumizi

Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliizuru Ukambani mwaka 1849, akarudi mwaka 1851. Katika safari ya pili mwenyeji wake, Kivoi, aliuawa karibu na mto Tana, na Krapf akakimbia peke yake nyikani. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchotea. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba alijaza maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki yake, akaiziba, akaendelea na safari.

Kisa hiki kinafundisha zaidi ya kitabu cha mbinu za kijeshi. Bunduki bila kiasi chake ni bomba. Inaweza kuwa kibuyu. Kinachoifanya kuwa silaha ni kile kinachoungua nyuma ya risasi, na Waswahili wa kale walikuwa na neno la kipimo kinachotiwa humo: waliita kiasi cha bunduki. Neno hilo limepotea katika matumizi ya leo, nalo lilikuwa sahihi kabisa, kwani siri ya kisukumizi ni kiasi. Hakitakiwi kulipuka. Kinatakiwa kuungua kwa mpangilio, kitoe gesi kwa kasi inayolingana na mwendo wa risasi ndani ya kasiba, ili shinikizo liisukume risasi tangu mwanzo wa kasiba hadi mdomoni. Kikiungua polepole mno, risasi huanguka karibu. Kikilipuka, kasiba hupasuka na anayeumia ni mpigaji. Wapiganaji wengi wa magobori, yale yaliyoshindiliwa baruti kwa mbele, walipoteza vidole kwa kutokuwa na mizani.

Baruti nyeusi ilikuwa kisukumizi pekee duniani kwa karne kadhaa, na ilikuwa na ila moja kubwa: moshi. Baada ya mapigo machache uwanja wa vita uligeuka ukungu, na kila mpigaji alijitangaza mahali alipo. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza kisukumizi kisichotoa moshi mwingi. Mabadiliko hayo yalifika Afrika Mashariki upesi, na kwa upande mmoja tu wa vita. Wakati Wajerumani na Waingereza walipoanza kutumia silaha za aina mpya na bunduki za rashasha katika miaka ya 1890, wenyeji wengi waliobahatika kuwa na bunduki walikuwa wangali na magobori. Machakos yenyewe, ambako Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga boma mwaka 1889, ilitawaliwa kwa tofauti hiyo ya kemia kama ilivyotawaliwa kwa mikataba. Si ajabu kwamba katika Vita vya Majimaji, kati ya mwaka 1905 na 1907, imani iliyowakusanya wapiganaji wa kusini mwa Tanganyika ilihusu hasa risasi: kwamba maji ya dawa yangeigeuza kuwa maji.

Baadaye Wakamba wengi waliandikishwa katika jeshi la KAR, na Kiswahili cha jeshi hilo, kilichoitwa Kikeya, kikawa njia mojawapo ambayo msamiati wa silaha ulifika vijijini. Askari aliyerudi kutoka Burma mwaka 1945 alirudi na maneno pia.

Kisukumizi hakimsukumi mtu kaburini pekee. Katika Ghuba ya Ngwana karibu na Malindi, Waitaliano walisimika jukwaa baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi za aina ya Scout zilirushwa kutoka hapo. Roketi hizo zilikuwa na visukumizi vigumu, ndugu wa mbali wa kile kilicho ndani ya risasi: vinaungua bila kulipuka, gesi inatoka nyuma, chombo kinakwenda mbele. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa hapo. Wamarekani walioimiliki waliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kitenzi "piga" hujionyesha vyema pia katika heshima za dola. Rais anapoapishwa hupigiwa mizinga 21. Humo hamna kombora, mna kisukumizi tu. Hakuna kinachosukumwa ila hewa, na hewa hiyo ndiyo mshindo tunaousikia.

Kulipua: kazi ya kilipuzi

Mwaka 1847 mjini Turin, Ascanio Sobrero aligundua nitrogliserini, akaiogopa. Alikuwa na sababu. Dutu hiyo ililipuka kwa mtikisiko mdogo. Mswidi Alfred Nobel aliifanyia kazi, na mwaka 1864 karakana yake ililipuka na kumuua mdogo wake Emil pamoja na wengine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1867, alipata hataza ya dainamiti, ambayo ni nitrogliserini iliyofyonzwa na udongo maalumu ili itulie.

Watu humkumbuka Nobel kwa dainamiti na kwa tuzo zake. Wahandisi humkumbuka zaidi kwa jambo jingine: alionyesha kwamba kilipuzi kilichotulia huweza kuamshwa na mlipuko mdogo wa kitu kingine kilicho chepesi kulipuka. Tangu hapo vilipuzi hugawanywa katika ngazi mbili. Kuna vilipuzi vyepesi kuamka, vinavyotumiwa kwa vipimo vidogo sana ndani ya kibomba chembamba cha chuma. Na kuna vilipuzi vizito wa usingizi, vinavyoweza kusafirishwa, kukatwa, wakati mwingine hata kuungua bila kulipuka, mpaka kile kidogo kikiwashtua. TNT ni mfano mzuri wa hivi vya pili. Mjerumani Julius Wilbrand aliitengeneza mwaka 1863 akitafuta rangi ya manjano ya kutilia nguo, na miaka mingi ikapita kabla ya mtu kutambua kwamba rangi hiyo ni kilipuzi, kwa jinsi ilivyokuwa na usingizi.

Turudi Katani. Tambarare za Athi zimetandikwa kwa miamba ya lava migumu, ambayo ndiyo hutoa kokoto za majengo na barabara za Nairobi. Mwamba huo haung'oki kwa mtarimbo. Hutobolewa matundu yaliyopangwa kwa safu, kila tundu likatiwa kilipuzi na kibomba chake cha kuamshia, kisha likazibwa kwa changarawe ili gesi isitoroke juu. Matundu hayalipuliwi yote kwa pamoja. Hupishana kwa sehemu ndogo ndogo za sekunde, safu ya mbele kwanza, ili kila safu ipate nafasi ya kuangukia na ardhi isitikisike kwa mkupuo mmoja. Sikio la mwanadamu haliwezi kuzitenga. Husikia mngurumo mmoja tu. Mpangilio huo ukivurugwa, mawe hurushwa mbali na kuta za nyumba za jirani hupata nyufa.

Mara nyingine tundu moja halilipuki. Hilo ndilo jambo linaloogopwa zaidi katika machimbo, kupita mlipuko wenyewe. Mwamba umetulia, vumbi limeshuka, na ndani ya kifusi kuna kibomba kizima chenye urefu usiozidi kidole, kinang'aa, kina nyaya mbili za rangi za kupendeza.

Kibomba hicho kwa Kiswahili kinaitwaje? Kinaitwa fataki.

Kuwasha: na tatizo la fataki

Kundi la tatu ndilo lenye uzuri. Humo mna fashifashi za sherehe, ishara za moto zinazorushwa na mabaharia walio hatarini, mabomu ya moshi yanayoficha vikosi, na risasi zenye mkia wa mwanga zinazomwonyesha mpigaji usiku mahali anapolenga. Vitu hivi havikusudiwi kuvunja wala kusukuma. Vinakusudiwa kuonekana au kusikika. Rangi zake hutokana na metali: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, sodiamu manjano. Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyeona utepe wa magnesiamu ukiwaka katika maabara, na kuonywa asiutazame moja kwa moja, ameona kiini cha taa ya kijeshi inayoning'inia angani kwa mwavuli. Na kijiti cha kibiriti ni fataki ndogo kabisa iliyoingia kila nyumba: kichwa chake kimebeba oksijeni yake, huwashwa kwa msuguano, na hufanya kazi moja tu kisha kikafa.

Sasa, neno fataki limebeba mzigo usio wake. Yumkini ni ndugu wa maneno ya Kihindi na Kigujarati yanayotaja vile vinavyopasuka wakati wa sherehe. Katika zama za magobori neno hilo lilitaja pia kifuniko kidogo cha shaba kilichogongwa na nyundo ya bunduki ili kuwasha kiasi. Kutoka hapo likapewa kibomba cha kulipulia mwamba. Mantiki yake inaeleweka: vyote ni vidogo na vyote huanzisha jambo. Huko Tanzania neno hilo liliwahi kuhamia hata kwa binadamu. Kuanzia mwaka 2008 kampeni ya redio ilimwita "Fataki" mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, na jina likamganda.

Upanuzi huo wa mwisho hauna madhara, pengine una manufaa. Ule wa kwanza ndio wenye hatari. Fataki ya sherehe ni mchezo wa watoto, ingawa nayo huunguza. Fataki ya machimbo ni kilipuzi halisi, cha ile ngazi nyepesi kuamka, na kiasi chake kidogo kinatosha kuondoa vidole vya mkono mzima na macho ya aliyekiinamia. Mtoto anayeokota kibomba kinachong'aa kwenye kifusi na kuambiwa na mwenzake kwamba hiyo ni fataki, amepewa habari ya kweli kwa mujibu wa lugha, na habari hiyo itamfanya akigonge kwa jiwe ili aone cheche.

Mshindo wa kwanza

Mkanganyiko wa dhana hauishii machimboni. Tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya bomu kuu kulipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, washambuliaji walirusha guruneti. Watu waliokuwa katika majengo ya jirani walisikia mshindo huo mdogo, wakaenda madirishani kutazama. Sekunde chache baadaye mlipuko mkuu ukageuza vioo kuwa visu. Watu 213 waliuawa jijini humo, na miongoni mwa maelfu ya waliojeruhiwa wengi waliumia macho kwa sababu hiyo: walikuwa wanatazama. Mjini Beirut tarehe 4 Agosti 2020 jambo lilelile lilijirudia. Moshi na cheche za awali ziliwavuta watu kwenye roshani na simu zao, kisha wimbi la mgandamizo likawafikia. Wimbi hilo huja nyuma ya mwanga, kama radi inavyochelewa nyuma ya umeme. Anayeona mwako mkubwa kwa mbali bado ana sekunde chache za kulala chini na kuliacha dirisha.

Dar es Salaam iliyaona hayo mara mbili. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 lingine likalipuka Gongo la Mboto. Katika kila tukio watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Ghala la silaha ni mahali ambapo dhana zetu zote tatu zimelala chumba kimoja. Visukumizi vikishika moto hurusha makombora ambayo hayakupigwa na mtu. Baadhi huanguka mitaani bila kulipuka, yakabaki hapo yakiwa na usingizi wake. Mtu anayejua tu kwamba "bomu lilishalipuka jana" ataliona kombora kama chuma chakavu cha kuuza kwa kilo.

Kuhusu istilahi

Kiswahili hakikosi nyenzo za kuziba pengo hili. "Kilipuzi" limekwisha kukubalika katika magazeti na katika sheria. "Kisukumizi" limeundwa kwa mtindo uleule na halihitaji maelezo marefu kwa anayejua kusukuma. Kundi la tatu lina ugumu zaidi, kwani moshi, mwanga na sauti havina kitenzi kimoja cha kuviunganisha. Pengine "fashifashi" libaki kwa za sherehe, na za kijeshi zitajwe kwa kazi yake: taa ya angani, moshi wa kuficha, ishara ya moto. Wapo watakaosema kwamba maneno ya Kiingereza yanatosha kwa kuwa wataalamu wanayajua. Wataalamu, ndiyo. Lakini mtaalamu hana haja ya kibao cha tahadhari. Kibao huandikiwa asiyejua.

Jambo la haraka zaidi ni kukinyang'anya kibomba cha machimbo jina la fataki. Jina linalofaa limo katika maelezo yaliyotangulia. Ikiwa kilipuzi kikuu husemwa kuwa kimelala, basi kinachokiamsha ni kiamshi. Neno ni fupi, linafuata kanuni za unyambuaji, na halina harufu ya mchezo. Likikubalika, kibao kando ya njia ambayo watoto wa Katani huipita kwenda shuleni kinaweza kuandikwa hivi, kwa herufi kubwa, pamoja na picha ya kibomba na nyaya zake mbili:

HIKI NI KIAMSHI. SI FATAKI. USIKIGUSE, USIKIPIGE, USIKIWASHE. WEKA ALAMA KWA MBALI, MWITE MTU MZIMA.